Neno Nililolisema Mbele ya Washenga

Lizaboni, Songea
Jumatano jioni. Mashine nimeizima mapema leo.

Gaudensi mwanangu,

Kesho mnapanda basi la Tunduru, wewe na mkeo Zuhura, mkaunganishe mpaka Nakapanya kwa mama yake. Habari za chakula cha njiani, za kufunga mizigo, za kuangalia dumu lisivuje, sizigusi hapa. Hayo umeyaandika mwenyewe kwenye karatasi mbili ukazibandika ukutani, na hakuna mtu katika nyumba hii anayeweza kuongeza kitu kwenye orodha yako. Mimi naandika yale ambayo hayamo kwenye orodha.

Unajua naandika taratibu. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, nikiwa tayari na watoto wawili, na mwalimu alisema darasa zima mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri. Sawa, alisema mimi na yule mama aliyekuwa anauza pombe. Nimeshakusikia unanisahihisha na bado hujaisoma.

Nimejitahidi nisiweke maneno ya kuzunguka, maana wewe neno unalichukua kama lilivyotoka. Unakumbuka siku nilipokuambia, "Shika mashine mpaka nirudi," nikaenda kilabuni? Nilikawia. Niliporudi nilikuta dizeli imekwisha, injini imezima yenyewe, wateja wamesambaa na mahindi yao, na wewe umesimama palepale, mikono yote miwili imeshika bodi la mashine. Nikakuuliza, "Wewe, unafanya nini?" Ukasema, "Hukusema niachie." Mtaa mzima ulicheka wiki nzima. Na mimi nilicheka, tena nilicheka kuwashinda wote. Siku hizi nikiikumbuka sicheki, na barua hii ndiyo itakayokuambia kwa nini.

Nianze na mambo ninayoyajua. Mimi ndiye mtu wa kwanza kufunga mashine ya kusaga katika mtaa huu. Wa pili. Yule wa kwanza mashine yake ilikuwa inasaga na mchanga humohumo, kwa hiyo sikumhesabu. Nilikuwa na nguvu za kunyanyua gunia peke yangu na kulitua bila kulibwaga. Watu walikuwa wanatoka mbali na mahindi kichwani wakapita mashine nyingine ili waje kwangu. Na wewe ulizaliwa hapo, katika mtetemo wa injini, ukawa mtoto mzuri wa sura, mnene, mtulivu. Nilitembea kifua mbele.

Ulipofika miaka minne hujasema neno, watu wakaanza. Mmoja akasema umerogwa. Mwingine akasema mama yako alikula kitu. Mama yako Agnella, Mungu amlaze pema, alikuwa anajibu hivi: "Atasema akiwa na la kusema." Ukaja kusema siku moja umesimama karibu na mashine, una miaka karibu sita, umeweka kiganja kwenye bati. Ukasema, "Beringi inalia." Mimi nikakusogeza pembeni, nani anamsikiliza mtoto. Siku ya tatu ile beringi ikapasuka, na tangu hapo nikawa natangaza kilabuni kwamba mwanangu anaongea na mashine. Hilo nilijivunia. Lakini mwanadamu wa kuongea naye hukumpata nyumbani kwangu, na hilo sikulitangaza.

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Wewe ulikuwa humtazami mtu machoni. Kwetu sisi mtoto asiyemkazia macho mkubwa ni mtoto mwenye adabu, kwa hiyo nilikusifia. Nilikuwa nawaambia watu, "Mtazameni huyu, anainamisha uso, siyo kama vijana wenu." Halafu ulikuwa huamkii. Mzee anapita, wewe kimya. Mzee anasimama makusudi akusubiri shikamoo, wewe unahesabu misumari ya mlango. Kwa hilo nilikuchapa. Siku alipokuja katekista ukampita kama gogo, nilikuuliza mbele yake kwa nini hukumwamkia, ukasema, "Nilimwamkia jana. Bado ni yuleyule." Katekista alicheka. Mimi nikachukua kipande cha mkanda wa mashine.

Hukulia. Ulikwenda ukaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa mashine ilipokuwa inanguruma, ukakaa hivyo mpaka mama yako akaja kukuchukua. Mimi nilisema umekuwa mkaidi, nikaongeza siku nyingine, na nyingine. Kumbe lile la macho na lile la kuamkia lilikuwa jambo moja tu. Nilikusifia kwa mdomo, nikakupiga kwa mkono, kwa jambo lilelile moja, na wewe ukawa huwezi kujua baba anataka nini. Nani angeweza kujua?

Sasa nakuja kwenye lile lenyewe. Nimeinuka mara mbili kabla ya kuliandika. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama mlango wa mashine umefungwa. Ulikuwa umefungwa.

Dada yako Fausta alipata mchumba wa Maposeni, watu wenye mashamba, watu wa kanisani. Washenga wakaja watatu, mkubwa wao Mzee Tadei. Wewe ulikuwa mtu mzima, una miaka kumi na tisa, na mashine yote ulikuwa unaiendesha wewe. Mimi siku tatu kabla nilikuwa silali kwa wasiwasi. Nilisema, wakimwona huyu watauliza, na wakiuliza watasema ukoo huu una kasoro, nani anataka wajukuu wa namna hiyo, na binti yangu ataachwa. Nikakuambia ushinde kwenye mashine. Ulishinda kwenye mashine. Lakini mahindi yalikwisha, na wewe kazi ikiisha unarudi nyumbani.

Ukaingia umejaa unga mpaka kwenye kope. Hukuamkia. Uliinama pale mlangoni ukaanza kupanga viatu vya wageni, kushoto na kulia, visigino kwenye mstari mmoja. Mzee Tadei akauliza, "Na huyu kijana ni nani?"

Nikasema, "Ah, huyo ni kibarua wangu wa mashine."

Wewe ukasema, hujainua uso, "Mimi ni Gaudensi. Wewe ni Dadi, baba yangu."

Mwanangu, hapo ndipo ningeweza kugeuza. Nafasi uliniwekea mkononi. Mimi nikacheka. Nikasema, "Wamenizoea hawa. Ukimlisha mtu kwako anakuita baba."

Mama yako alikuwa amesimama na sinia la togwa. Akalitua chini hajamkaribisha mgeni yeyote. Wewe ulimaliza kiatu cha mwisho, ukasema, "Kumbe." Neno hilo moja. Ukatoka.

Jioni hukuja kula nasi. Ulikula kule kwenye mashine, kwenye benchi wanapokula vibarua. Asubuhi nikafika kazini, ukaniambia, "Bosi, dizeli imebaki nusu dumu."

Nilidhani ni hasira, nikasema itapita. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Wateja wakaanza kucheka, "Mzee Alanus, siku hizi kijana wako anakuita bosi?" Na mimi, unanijua, nikaipokea kama zawadi. Nikasema ndiyo, sisi wawili ni watu wa kazi, huo ni utani wetu. Nikaizoea. Nikaipenda, Mungu anisamehe. Nikawa natembea mtaani watoto wa watu wananiita bosi na mimi naitika. Mtu aliyejua lilikotoka alikuwa mama yako tu.

Alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho, aliniita akasema, "Alanus, kamrudishie mtoto." Sikuuliza kitu gani. Nikasema nitamrudishia. Akasema, "Leo." Nikasema leo. Nikatoka, nikakukuta unakaza nati, nikasema, "Gaudensi." Ukasema, "Naam, bosi." Nikasema, "Mkanda umelegea." Mkanda haukuwa umelegea. Mama yako alikufa siku ya nne. Ulikuja ukasimama mlangoni, ukaniambia, "Bosi, mama amekwisha." Nilimzika mke wangu nikiwa bosi.

Niandike kidogo habari za mkeo, maana hapo nilikosea kwa namna nyingine, na hilo linachekesha kidogo. Mjomba wake Rashidi alipopanga chumba nyuma ya mashine yetu na magunia yake ya korosho kutoka Nakapanya, maana tangu biashara zifunguliwe kila mtu ameruhusiwa kuuza chake, alikuja na Zuhura amsaidie kuchambua. Akakaa kwenye mkeka anapanga korosho kwa mistari, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Wewe ambaye hukuwahi kusimama kwa mtu yeyote ulisimama pale. Ukasema, "Hiyo imekaa vibaya." Ukaisogeza moja. Yeye akaitazama ile korosho, siyo wewe, akasema, "Ndiyo." Siku ya pili ulirudi. Mwezi wa pili mlikuwa mnakaa barazani mmepeana migongo, kila mtu anatazama upande wake, migongo imegusana, saa nzima bila neno. Rashidi akanijia: "Mzee Alanus, mwanangu kamkubali kijana wako. Mimi sijawahi kumwona akimkubali mtu. Dini zetu ni mbili, lakini wallahi naogopa kukataa." Mimi nikambishia wiki sita kwa sababu za ukaidi tu, nikaenda kwa padre, nikarudi, mwisho mkafunga ndoa bomani, na mimi nikawa mtu wa kwanza kucheza. Nilicheza peke yangu. Nyinyi mlikuwa mmekwenda nyuma ya jengo kukwepa ngoma.

Basi mkamwana akaja nyumbani. Akaniwekea sinia, akageuza uso, akaondoka bila neno. Nikasema naam, huyu ndiye mkamwana, anamheshimu mkwe kama zamani. Nilimsifia Lizaboni nzima. Wazee walikuwa wananionea wivu. Ilichukua miezi mitano kuona kwamba hata mbuzi alikuwa hamtazami. Na siku alipofungua mdomo kuniambia neno la kwanza, alisimama mlangoni ameziba masikio, akasema, "Sauti yako ni kubwa." Mkamwana anamwambia mkwe hivyo. Nilikaa chini. Katika maisha yangu yote watu wameniogopa au wamenicheka, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo tu, bila chuki. Tangu siku hiyo upande ule wa nyumba ninasema chini, umeona mwenyewe.

Ile baa iliyofunguliwa ukuta kwa ukuta na nyinyi, na maspika yake, na Zuhura kuingia chini ya meza kila jioni, nilikuambia nitakwenda kumkomesha mwenye baa. Nilikwenda. Akaninunulia bia, nikakaa. Hilo pia uliandike. Mnahama kwa sababu ya kelele, na mimi niliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko wote sikuutumia mahali ulipotakiwa.

Sasa habari ya filamu. Yule daktari wa hospitali ya misheni ndiye aliyetuambia kwamba hali yenu ina jina. Aliniandikia kwenye kipande cha karatasi, otizimu, ninacho mpaka leo kwenye kofia. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa na matusi tu. Yeye ndiye aliyemwambia yule dada Rehema wa Dar es Salaam, mwenye kutengeneza filamu za watu wa kweli, kwamba Songea kuna mume na mke ambao wote wawili wana hali hiyo na wanaishi vizuri. Wakaja watatu na kamera yao, na kile kipaza sauti chenye manyoya ambacho Zuhura alikiomba akishike, akakipapasa kutwa nzima mpaka kijana wa watu akashindwa kufanya kazi. Walikaa wiki tatu. Na mimi kwa wiki tatu nilivaa koti.

Dada Rehema alinikalisha mbele ya mashine, akaniuliza nilikuleaje. Nikafunguka. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mtoto huyu ana akili ya pekee. Nikasema sijawahi kumwinulia mkono. Nikasema kila mgeni aliyekuja nyumbani kwangu nilimtambulisha kwanza huyu, halafu wengine. Akaniuliza, "Na mbona anakuita bosi, mzee?" Nikacheka kile kicheko changu, nikasema, "Huo ni utani wetu sisi watu wa mashine." Nikaona nimejibu vizuri sana.

Kanda ya video ililetwa wiki iliyopita. Wewe ulisema utaitazama Nakapanya kukiwa na utulivu, ukaiandika kwenye orodha. Mimi ningewezaje kusubiri? Nilimwendea Kasimu mwenye banda la video, nikaita watu, nikaita wateja, nikamwita hata yule mwenye baa. Nikakaa benchi la mbele na koti langu.

Ilianza vizuri. Mkaonekana mnakula, ugali sahani yake, mboga sahani yake, samaki sahani yake, watu wakacheka kidogo lakini kwa wema. Dada Rehema anakuuliza, "Gaudensi, unampenda Zuhura?" Unasema, "Sasa hivi au kwa kawaida?" Anasema kwa kawaida. Unafikiri, halafu unasema, "Ananiambia kabla ya kuwasha redio." Zuhura naye akaulizwa, akasema, "Haniulizi nawaza nini." Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema polepole, "Mimi wangu miaka ishirini hajajua hata hilo." Nilifurahi. Nikageuka, nikasema, "Mnaona?"

Halafu nikatokea mimi. Uso wangu ukajaa kioo kizima. Nikasema yale yote. Watu wakapiga makofi. Nikasema lile la utani wetu, nikacheka mle ndani ya kioo, na banda zima likacheka na mimi.

Na yule dada, sikujua, alikuwa amekuuliza na wewe. Akayaweka majibu yetu moja baada ya lingine. Ukatokea umekaa kwenye benchi la vibarua, unafuta spana. Akasema, "Mbona unamwita baba yako bosi?" Ukasema, "Alisema mimi ni kibarua. Kibarua hamwiti mtu baba." Akauliza, "Inakuuma?" Ukasema, "Nasubiri. Akibadilisha neno lake, na mimi nitabadilisha." Akauliza, "Umesubiri muda gani?" Ukasema, "Miaka kumi na moja na miezi minne."

Yule Mama Oliva, mteja wetu wa siku zote, akaniita kwa jina, hakusema mzee, hakusema bosi. "Alanus. Toka lini?" Nikamwambia Kasimu, "Zima kanda." Akasema, "Mzee, haijaisha." Nikatoka. Wao wakabaki wanatazama mpaka mwisho. Mimi mwisho wake siujui mpaka leo. Nikasimama nje peke yangu na koti langu, na watu wote ninaowafahamu wako ndani wanatazama watoto wangu.

Miaka yote hiyo nilidhani ulikuwa na hasira, au umesahau, au ni akili zako. Kumbe ulikuwa umeshika. Nilikuambia kitu, ukashika, na hukuachia kwa sababu sikusema uachie. Kila asubuhi uliniita bosi ukawa unanipa nafasi, na mimi nikawa nauliza habari za dizeli.

Jumamosi iliyopita nilipokuaga nakwenda kuangalia vipuri, nilikudanganya tena. Nilichukua baiskeli nikaenda Maposeni. Nilisema, neno nililitoa mbele ya watu wale, kulibadilisha chumbani hakutoshi, Gaudensi hatakubali. Wale washenga watatu, mmoja ni marehemu. Wawili waliobaki niliwaita kwa Mzee Tadei, nikakataa kukaa, nikakataa maji, nikasema, "Siku ile ya posa niliwadanganya. Yule niliyemwita kibarua ni mtoto wangu wa kumzaa. Anaitwa Gaudensi."

Mzee Tadei akanitazama. "Kwa hilo ndiyo umekuja na baiskeli jua lote hili?"

"Ndiyo."

"Alanus, tulijua siku ileile. Kijana ana pua yako, ana masikio yako, anasimama kama wewe. Njiani tulikuwa tunaulizana tu, huyu mtu atasema lini."

Nikasema, "Mbona mlinyamaza?"

"Ulikuwa unaongea wewe."

Yule mwingine naye akadakia, "Na kwa taarifa yako, hakuna aliyetaka kumwacha binti kwa sababu ya kaka yake. Tulitaka kumwacha kwa sababu ya baba yake." Wakacheka, na Fausta, aliyeolewa hukohuko, nikamsikia nyuma ya mlango anacheka na kulia vyote pamoja. Mimi niliyekuwa nimeubeba uongo ule kama gunia miaka yote nikiogopa utaonekana, kumbe nilikuwa nimeubeba mbele ya watu wanaonitazama. Nilikuuza bure, mwanangu. Hakuna hata aliyekuwa ananunua.

Nilikwenda na karatasi hii ikiwa tupu. Geuza nyuma utaona dole gumba la Mzee Tadei na la mwenzake, wino wa bluu, kuthibitisha kwamba walisikia. Kwa yule marehemu nilikwenda kaburini nikasema vilevile kwa sauti. Najua utasema marehemu hasikii. Sibishi. Nilisema hata hivyo.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu nirudi. Jumapili nilikuja mpaka mlangoni kwenu. Jumatatu nilisema, "Gaudensi," ukasema, "Naam, bosi," na mimi nikasema, "Angalia chekeche." Ukaiangalia, ukarudi ukasema ni nzima. Mdomo wangu umezoea kusema mengine. Mkono unaandika taratibu, haupati nafasi ya kukimbia.

Mkishaondoka nitabaki na mashine. Sijui kuisikiliza kama wewe, hilo sijawahi kumwambia mtu. Watu wanadhani ni mimi ninayeijua. Ikianza kulia beringi nitaisikia siku inapopasuka. Chumba chenu nitakifagia, sitampangisha mtu. Nimekwisha kuona leo mmetoa vile viatu vilivyokuwa vimepangwa mlangoni, na mlango umekuwa kama wa nyumba ya watu wengine. Sikuambii hivi ili mbaki. Nendeni. Zuhura anastahili mahali penye kimya, na wewe unastahili mahali ambapo utakayemkuta atakuambia wewe ni nani na itakuwa kweli.

Kwa hiyo naandika, na hapa nabonyeza kalamu ili isomeke. Neno nililolisema mbele ya washenga nimelifuta mbele yao. Wewe si kibarua wangu na hukuwahi kuwa. Wewe ni Gaudensi, mtoto wangu mimi Alanus na mama yako Agnella. Nilikuficha, nilikuchapa, nikasema uongo juu yako mara mbili, mara ya kwanza kwa wageni na mara ya pili kwa kamera. Ulishika muda mrefu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sasa achia.

Kesho kituoni nitasimama upande wa dirisha lenu, sitapaza sauti. Msipotazama nitajua mmeniona.

Hapa chini nimeacha nafasi. Pote penye uongo katika barua hii upige mstari kwa kalamu yako nyekundu, najua hutashindwa kupaona. Halafu kwenye nafasi hiyo uandike unavyoniita, uitume kwa basi linalorudi. Ikiwa bado ni lilelile, andika hilohilo, usiniandikie kisicho kweli kwa kunihurumia. Nitalisoma mwenyewe, taratibu.

Alanus,
baba wa Fausta na wa Gaudensi